Siku Nilipofua Sweta ya Njogu

Godoro la Winny lilikuwa limeshapanda mkokoteni, na kamba niliifunga mimi mwenyewe.

Niliifunga vizuri. Mafundo mawili chini, moja juu, kama nilivyofundishwa na wapagazi wa stesheni ya Voi nikiwa kijana. Ndoo yake niliipachika kando. Jiko la mafuta nikalizungushia gazeti lisigongwe njiani. Mtu angenitazama angesema, huyu mzee ana huruma, ona anavyomfungia mke wa mpwa wake mizigo.

Huruma gani. Winny alikuwa anafukuzwa kwa kosa langu.

Kwa ambaye gazeti la wiki jana lilimpita, nitarudia kwa kifupi, maana hata kuandika kwenyewe kunanichoma. Mimi ni Phares Ooko, miaka sitini na nane. Nimezunguka Voi, Tabora, Jinja, Moshi, na kote nilikuwa dobi. Miezi saba iliyopita magoti yalikataa kuendelea, nikaja kwa dada yangu Roseline hapa Kayole.

Roseline ana hoteli ya mbwa. Msicheke. Mtu wa Komarock au Umoja akienda ushago, kijijini kwao, kwenye matanga, mbwa wake anamwacha kwa Roseline mpaka arudi. Ana vyumba saba vya mbao alizonunua Gikomba, na mbwa waliomo anawaita wageni. Kazi nyingi ilifanywa na Winny, mke wa mwanawe Ondiek. Ondiek mwenyewe ni dereva wa lori, yuko Mombasa zaidi ya nyumbani.

Hoteli hiyo ina sheria moja kubwa. Kila mgeni huja na nguo iliyovaliwa na mwenyewe, haijafuliwa. Shati, kanga, hata soksi. Mbwa analala juu yake, anaipata harufu ya kwao, ananyamaza. Nguo ya mgeni haiguswi na maji mpaka siku ya kuchukuliwa. Niliambiwa siku ya kwanza. Nilisikia nusu.

Nyumba nayo ina sheria yake. Roseline ni Msabato. Jumamosi hakufuliwi, hakupikwi, hata ufagio unapumzika. Winny alikulia nyumba nyingine, na mwezi wa tatu mama mkwe alimkuta akisuuza blauzi siku ya Sabato. Maneno ya siku hiyo hayakuisha mpaka Pasaka.

Basi Jumamosi ile Roseline yuko kanisani, Winny amelala na kichwa kinamuuma, mimi niko peke yangu na mikono isiyo na kazi. Nikaziona zile nguo saba, zimejaa manyoya na mate. Miaka arobaini mikono hii imejua kitu kimoja tu, kwamba nguo inayonuka inangoja maji. Nikazikusanya. Nikazifua zote na sabuni ya unga, nikazisuuza mara tatu, nikazianika. Nilipomaliza niliona raha moyoni, sitawaficha.

Wageni sita walibweka usiku mmoja wakazoea. Wa saba hakubweka. Alikuwa Meja, mbwa mkubwa wa kahawia, mzee kama mimi. Bwana wake, Njogu, alikuwa amekufa wiki hiyo hiyo. Mke wa Njogu, mama mmoja wa Komarock anaitwa Wacera, alimleta akiwa njiani kwenda kuzika Murang'a. Pamoja naye akaacha sweta ya marehemu, ya kijani, kiwiko kimetoboka.

Tangu jioni ile Meja hakugusa chakula.

Roseline alirudi kutoka kanisani akakuta nguo kwenye kamba. Siku ya Sabato, na nguo za wageni. Hakuhitaji kuuliza sana. Alimgeukia Winny, Winny akasema si yeye, akasema tena, akasema mara ya tatu. Kesho yake Roseline aliniuliza mimi, tukinywa chai. Nikamwambia mambo ya nguo niliyaacha Moshi.

Hapo ndipo niliwaacha wiki jana, nikijua Roseline hasomi magazeti, na wengi wenu mlifikiri ningesema. Sikusema. Daktari wa mifugo alikuja akampapasa Meja, akasema mwilini hana ugonjwa. Alhamisi Roseline alimwambia Winny kwamba mwanamke wa namna yake analeta kifo nyumbani, na arudi kwao Dandora. Ijumaa asubuhi nikafunga godoro.

Mkokoteni niliuazima kwa mama wa mboga. Mimi mbele, Winny kando ameshika ndoo isidondoke, tukashika njia ya kwenda stendi ya Spine Road. Majirani wa ploti walitoka kutazama. Hakuna aliyesalimia.

Tulifika karibu na kinyozi ndipo akafungua mdomo.

"Anko, ile Jumamosi ulisuuza mara ngapi?"

Nilisimama. Mkokoteni ukanisukuma mgongoni.

"Nilikuona," akasema. "Pale bombani. Nilikuwa dirishani na kichwa changu. Ulikuwa unaimba."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akanitazama kama mtu anayetazama kiatu kilichokatika.

"Nilimwambia mama si mimi. Hakuniuliza basi ni nani. Aliniuliza mbona nadanganya. Wewe ndiye nilikuwa nangoja. Nikajiambia, huyu ni mzee, atasema kesho. Kesho ikafika ukaongeza sukari kwa chai."

"Winny, mwanangu."

"Wacha nimalize. Ningekutaja ungefukuzwa, na wewe una begi tu. Mimi nina mamangu. Nikaona heri mimi. Lakini usifikiri sijakasirika. Nimekasirika hadi meno yanauma."

Nikavuta mkokoteni, tukaendelea. Tulipofika stendi makanga wa matatu walirusha godoro juu ya gari, na hapo ndipo aliponishika mkono wa shati. Alisema kuna jambo ambalo Roseline hajui. Meja amekuwa akila.

Kidogo tu, mara moja kwa siku, mchana Roseline akilala. Winny alimlisha kwa mkono. Hilo nalo limekatazwa pale, kwa sababu mbwa akishazoea mkono wako, mwenyewe akija kumchukua inakuwa shida. Lakini Winny aliona atakufa.

"Loweka ugali kwa supu ya omena," akanifundisha. "Kaa chini, mpe mgongo. Peleka mkono nyuma, hivi, kiganja juu. Usimwangalie. Ukimwangalia anaona aibu, hali."

Gari likaondoka. Nilirudi na mkokoteni mtupu, na ulikuwa mzito kuliko wakati wa kwenda.

Sasa mnajua nilichojiambia njiani? Sikujiambia nikafike nikiri. Nilijiambia, nikiweza kumlisha huyu mbwa mwenyewe, basi atapona, mambo yatapoa, Winny ataitwa baada ya mwezi, na sitalazimika kusema lolote. Hivyo ndivyo nilivyo. Miji yote niliyoihama, niliihama hivyo.

Niliandaa ugali na supu ya omena, hao dagaa wa ziwani. Nikakaa chini chumbani kwa Meja, nikampa mgongo, nikapeleka mkono nyuma. Nilikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Nzi wakaja wakala wao. Nilipogeuka, Meja alikuwa ameelekeza uso ukutani. Mkono wangu ulinuka sabuni. Unanuka sabuni mpaka leo, miaka yote hii, hautoki.

Saa tisa lango likagongwa.

Alikuwa Wacera. Tulimtarajia Jumapili. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi na viatu vyenye udongo mwekundu wa kwao. Hakuomba maji, hakumuulizia mbwa. Alimsalimia Roseline akamwambia, dada, kwanza nipe ile sweta.

Roseline akaniangalia. Nikaenda nikaileta. Nilikuwa nimeikunja kidobi, mikono nyuma, kola juu.

Wacera aliifunua, akaipeleka usoni. Akakaa nayo hapo. Halafu akaishusha polepole.

"Mmeifua."

Roseline alianza kuomba msamaha. Wacera akainua kiganja, akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia. Siku ya tatu baada ya mazishi ndugu za Njogu waligawana nguo zake. Makoti, suruali, kofia, hata soksi. Yeye hakupigana nao. Alikaa jikoni akajiambia wachukue tu, mimi nimebaki na ile ya Meja. Usingizi wote alioupata wiki hiyo ulitokana na kujua sweta hiyo inamngoja.

"Ni mke wa kijana wangu," Roseline akasema. "Asiyeheshimu Sabato ataheshimu nguo ya nani? Lakini nimeshamtoa. Ametoka leo asubuhi."

"Kumtoa kunanirudishia nini?"

Hapo nikakumbuka kitu. Mkanda wa ngozi. Njogu alimtembeza Meja na mkanda ule miaka tisa, asubuhi na jioni, na pale pa kushikia pamechukua umbo la mkono wake. Ulikuwa umetundikwa msumarini nje ya chumba. Harufu ya mtu hukaa zaidi kwenye ngozi kuliko kwenye sufu. Nilienda karibu kukimbia, na magoti yangu haya.

Niliushika. Uling'aa. Siku ile ile ya Jumamosi, nguo zikiwa kambani na mikono ikiwa bado ina hamu, niliupaka rangi ya viatu.

Nikaurudisha msumarini. Hakuna aliyeuliza nilikuwa nafuata nini.

Sauti ya Wacera ndiyo iliyomwamsha Meja. Alijaribu kusimama. Miguu ya mbele ilikubali, ya nyuma ikakataa, akakaa vile akitingisha mkia kidogo. Wacera akapiga magoti kwenye vumbi akauliza ni lini alikula mara ya mwisho. Roseline akasema ukweli anaoujua yeye, kwamba leo ni siku ya sita.

Wacera alikuwa amemtunza mume mgonjwa mwaka mzima. Hakubabaishwa. Akainua mdomo wa Meja, akaingiza kidole, akatoa kichwa kidogo cha omena kilichokwama kwenye jino.

"Huyu alikula jana. Nani amekuwa akimlisha?"

"Hakuna," Roseline akasema.

"Kuna mtu. Nataka kumjua, kwa sababu huyo ndiye tu ataweza kumlisha tena."

Niliangalia lango. Lilikuwa wazi. Begi langu halijawahi kujaa, ni dakika mbili kulifunga. Nilikuwa nimeshafika Machakos kwa mawazo. Halafu Meja akalala tena, akaweka kidevu juu ya kiatu cha Wacera.

"Ni Winny," nikasema.

Roseline akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia aliniambia tukiwa na mkokoteni. Akasema, basi kumbe alimfulia nguo halafu akamlisha kwa kuona haya.

"Hapana, Roseline. Nguo nilifua mimi. Zote saba. Na mkanda nikaupaka rangi."

Alidhani namkinga Winny. Aliniambia nisijitwike ya watu. Ikabidi nimweleze shati la nani lilikuwa na doa la mafuta, na soksi ipi ilikuwa imetoboka kisigino, mpaka nilipoona uso wake unabadilika.

"Siku ya Sabato," akasema.

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza ulikuwa unakunywa chai yangu."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaangalia vyumba vyake saba kimoja kimoja.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "mimi nimemwambia mtoto wa watu maneno ambayo hayamezeki tena."

Wacera ndiye aliyesema apigiwe simu. Roseline alibonyeza namba, ikalia, Winny akashika, na Roseline akabaki na simu mkononi kama kitu cha moto. Akanipa mimi. Nikamwambia Winny nimesema. Akauliza, mbele yake? Nikasema yuko hapa anasikia.

"Basi mwambie hivi. Alinitoa kwa mdomo wake, na akinirudisha itakuwa kwa mdomo wake, hapa mbele ya mamangu. Sirudi kwa kuitwa na anko. Lakini Meja mleteni. Yeye hana kosa."

Roseline akasema Sabato inaingia jua likizama, na kwamba mama wa kijana haendi kwa wakwe hivi hivi bila kuitwa, bila watu. Yote mawili ni kweli kwetu. Lakini jua lilikuwa bado juu sana, na nafikiri sote watatu tulilitazama.

Nikarudi kwa mama wa mboga kuuomba tena mkokoteni.

Tulimtandikia Meja magunia, tukamlaza. Mimi nikavuta, Wacera akasukuma na sweta ameifunga shingoni. Kutoka Kayole hadi Dandora kwa miguu si mchezo kwa watu wa umri wetu. Pale barabara kuu makanga mmoja alituona akapata cha kuchekesha wenzake.

"Buda, mbuzi yako mbona ina mkia mrefu?"

Wacera hakuwa amesema neno tangu Kayole. "Na wewe wako uliuacha wapi?" akamwuliza. Wenzake walimcheka yeye, tukapita.

Mbele kidogo nilimwambia pole kwa ajili ya sweta. Akanijibu nivute sawasawa, mkokoteni unaenda kombo.

Tulifika kwa kina Winny jua likielekea kuzama. Mamake, Triza, alisimama mlangoni amekunja mikono. Ni mwanamke mfupi, na nilihisi mimi ndiye mfupi.

"Wewe ndiye uliyefunga godoro?"

Nikakubali.

"Mafundo yako ni ya kazi. Yalitushinda kufungua, tukakata kwa kisu."

Winny akatoka ndani na bakuli. Hakunisalimia. Alimshika Wacera mkono kwa mikono miwili, akampa pole ya mume. Halafu akakaa chini kwenye saruji, akampa Meja mgongo, akapeleka mkono nyuma, kiganja juu.

Meja alinusa vidole. Alinusa kiganja. Akaweka pua hapo, akatulia, hakufungua mdomo.

"Ondokeni," Winny akasema bila kugeuka. "Mnamwangalia."

Tukaingia nyuma ya mlango, Triza, Wacera na mimi, tumebanana kama wanaojificha mvua. Wacera alikuwa ameuma kola ya sweta. Tulisikiliza. Hatukusikia kitu.

Leo ni Jumatano, na mambo yako hivi.

Meja hakula Ijumaa. Jumamosi mchana alikula ugali wa kiasi cha yai. Jumapili akala mara mbili. Anasimama, lakini hajatembea.

Wacera huja Dandora kila siku kutoka Komarock. Sweta amempa Meja ailalie. Anasema sasa inanuka mbwa na sabuni, na kwamba Njogu naye miezi ya mwisho alinuka hivyo. Sijui kama alisema hivyo kwa kuwa ni kweli au kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu.

Winny yuko kwa mamake. Triza bado hanisalimii, ila juzi alinisogezea kiti.

Roseline hajafika Dandora. Wageni watatu wamechukuliwa na wenyewe, watatu waliobaki anawahudumia peke yake. Mama wa mboga ananiambia kamba ya nguo imekatwa.

Begi langu nililikuta nje ya lango la Roseline Jumamosi. Lilikuwa juu ya kiti, lisishike tope, na ndani nguo zangu zote zimekunjwa. Nalala Pumwani, kwa Khalif, mzee tuliyefua naye Tabora. Sijatoka Nairobi. Ni mara ya kwanza naharibu mahali na bado niko hapo hapo.

Ondiek alinipigia simu leo asubuhi. Ameliacha lori Mombasa, yuko kwenye basi, anafika jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Nikamuuliza atashukia Kayole kwa mamake au Dandora kwa mkewe.

Akakata simu.